Kinyama cha Mkia wa Jambazi

Rågsved, Stockholm
Jumapili, 8 Februari 2026

Mpendwa dada yangu Flaviana,

Shikamoo, dada. Kabla sijasema lolote, niambie goti linaendeleaje. Mara ya mwisho ulisema linauma wakati wa kushuka tu, kupanda halina shida. Nikafurahi, kisha nikakumbuka kwamba nyumba yako iko mlimani, na apandaye hana budi kushuka. Je, ile dawa ya kuchua uliyopewa Bukoba inasaidia? Ng'ombe mwekundu ameshazaa? Na migomba, mnyauko umepungua, au bado mnakata na kuchoma?

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Theluji ni nyingi mwaka huu, na jua linatoka kama mgeni aliyelazimishwa kuja harusini, linasalimia na kuondoka. Wifi yako Theresia yuko kazini kwake kule kwa wazee, mgongo unamsumbua kidogo. Kamila amekuwa mrefu, sasa ananifika begani. Miaka kumi na mitatu, dada. Unamwuliza kwa Kiswahili, anakujibu kwa Kiswidi, tena neno moja.

Tangu msimu wa baridi uanze amezuka na tabia ya kuacha milango wazi. Wa chumbani kwake wazi, wa bafuni wazi, kabati wazi, hata ule wa kwenda barazani, baridi inaingia mpaka miguu inakufa ganzi. Nimegomba mpaka sauti imekauka. Theresia anasema ni umri, nimwache.

Utashangaa kuona barua ya kalamu. Ningeweza kupiga simu, lakini simu yako huwa mikononi mwa wajukuu, nao huweka sauti juu, na mimi sitaki mtaa mzima usikie habari hizi wakanicheka. Mashauri, mwenzetu wa huku, anasafiri kwenda nyumbani, nimemwomba akuletee mkononi. Soma peke yako kwanza.

Mambo yenyewe ni ya Jambazi. Unamkumbuka, yule mnyama wa Kamila, mrefu, mwembamba, uso kama amevaa kinyago. Ulipomwona kwenye simu uliuliza kwa upole kama ni kweli binti yetu analala chumba kimoja na kicheche. Ndiyo, dada, wa ukoo huo huo, ila huyu ni wa kufugwa ndani, ana kitanda chake cha kuning'inia na daktari wake. Jina nilimpa mimi, kwa sababu huiba soksi na funguo, na rozari ya Theresia tuliikuta chini ya kochi alikoificha.

Kabla ya Krismasi Kamila aliona kitu kwenye ncha ya mkia wake. Kidogo, kigumu, cha mviringo, hakina manyoya, kiasi cha punje ya kunde. Kufikia Januari kilikuwa kama njugu mawe. Tukampeleka kwa daktari wa wanyama, mwanamke kijana anayeitwa Emilia, mpole sana, naye akakata ncha ya mkia pamoja na kile kinyama. Jambazi akazinduka, akala, akaiba kalamu ya daktari. Nikasema yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Emilia akaniuliza kama tunapenda kile kinyama kipelekwe maabara kikapimwe, au kitupwe. Nikamwambia wewe ndiwe daktari, sema. Akasema uamuzi ni wetu. Nikamwuliza yeye angefanyaje, akatabasamu, akasema inategemea.

Dada, mimi nimezoea daktari anayekuamrisha. Unakwenda, unaambiwa meza hii, kata ile, rudi Jumatatu, nawe unarudi Jumatatu. Huku daktari anakueleza yote, ya kulia na ya kushoto, kisha anakunja mikono anakungojea wewe. Alinieleza kwamba vinyama vya pale mkiani mara nyingi ni vya aina moja isiyo na makuu, ukikata chote mambo yanaisha. Lakini zipo aina nyingine mbaya, na kwa macho hawezi kuapa. Maabara itasema jina lake, na itasema kama kisu kilipita mahali pasafi, yaani hakuna kilichobaki. Nikauliza, je, kikiwa kibaya tutafanya nini? Akasema, kwa mnyama wa umri huu, pengine tutamwangalia tu. Nikauliza, na kikiwa kizuri? Akasema tutamwangalia pia. Sasa niambie, mtu atoke hapo na akili gani?

Nikafanya nilichokijua. Nilikumbuka wewe ulivyokabidhiwa uvimbe wa Baba kwenye kichupa, ukaambiwa ndugu wa mgonjwa peleka maabara mjini, ukakishika mapajani safari nzima, hukula wala hukunywa njiani. Kwetu kinyama kikitoka ni cha ndugu kukibeba. Basi nikamwambia Emilia, nipe mwenyewe, nitakipeleka tukishaamua. Akaniangalia kama nimeomba kununua meza yake ya upasuaji. Akasita, akaenda kuuliza wenzake, akarudi na kichupa chenye ile dawa ya kuhifadhia, amekifunga na kukibandika stika ya onyo, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nilipofika nyumbani nikapiga simu maabara. Wakaniambia hawapokei kitu mkononi mwa mwenye mnyama, lazima kitoke kwa daktari na karatasi zake. Kwa hiyo nimekibeba bure mpaka Rågsved. Kimekaa stoo, nyuma ya gunia la mchele, na Theresia amekataa kuingia humo. Mchele nauchota mimi.

Nyumba ikagawanyika. Theresia alisema kimeshatoka, tushukuru, binadamu wangapi hawapimwi, sembuse kicheche. Kamila alisema kipelekwe. Tukimwuliza kwa nini, anajibu neno lile lile: "Jag vill veta." Yaani anataka kujua. Ujue nini, mwanangu, na daktari amesema tutamwangalia tu? Anakwenda zake, anaacha mlango wazi. Mimi nilisimama na Kamila, si kwa sababu naelewa, bali kwa sababu sipendi kitu kikae kwenye chupa bila jina.

Nikaona kuuliza si ujinga. Jumamosi ya tarehe 31 Januari tulikuwa na mkutano wetu wa Waswahili kule Rinkeby, nikawauliza wazee. Ssemakula, yule Mganda wa Upplands Väsby niliyekusimulia, alicheka mpaka akavua miwani. Akasema jibu lisilokuwa na kazi ya kufanya usiliite nyumbani, litakaa kwenye kiti na kukutazama. Nikaona ana hekima. Évode wa Burundi akamkatalia papo hapo.

"Sikiya, Ludo," akaniambia, "ulishamupasua, sasa unaogopa nini? Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Maliza kazi."

Nikaona naye ana hekima. Ndiyo shida yangu, dada, kila mtu akisema namwona ana hekima. Penye wengi pana mengi. Niliingia mkutanoni na swali moja nikatoka nayo matatu.

Sasa lisome hili polepole, ndilo lililonishikisha kalamu.

Jana mchana nilitoka dukani, nikakuta nyumba nzima ni ubaridi, milango yote wazi kama kawaida. Nikapandwa na hasira. Nikafunga wa barazani, nikafunga wa bafuni, nikafika chumbani kwa Kamila nikaushika ule mlango niubamize kwa nguvu ili asikie. Jambazi alikuwa anapita pale chini na kibandeji chake. Kamila aliruka kutoka kitandani akauzuia mlango kwa mkono.

"Inte dörren, Baba!" akapiga kelele. Usifunge mlango.

Kisha akakaa sakafuni akalia. Si kulia kwa kitoto, dada, ni kile kilio kisicho na sauti, mabega tu. Nikakaa naye chini. Ikachukua muda mrefu, na maneno yakatoka nusu Kiswidi nusu Kiswahili, lakini nimeyaelewa. Mwezi wa kumi aligombana na mama yake kwa ajili ya simu, akaingia chumbani akabamiza mlango, na mkia wa Jambazi ulikuwa kwenye upenyo. Ncha kabisa. Mnyama alilia mara moja akajificha chini ya kitanda. Hakumwambia mtu. Na pale pale mlango ulipobana ndipo kinyama kilipoota.

Nikaelewa milango. Nikaelewa na lile "anataka kujua." Sisi wote tulikuwa tunabishana kama Jambazi atakufa. Mtoto alikuwa anauliza kama ni yeye aliyemwua.

Mimi nilijiona nimechelewa sana, dada, na moyo uliniuma. Mtoto amebeba jambo hilo tangu mwezi wa kumi, nami nagombana naye juu ya baridi.

Nilimpigia Emilia leo asubuhi kwenye namba ya dharura, nikiwa nimejifungia bafuni. Nikamwuliza kwa mzunguko, kana kwamba ni jambo la mtu mwingine, kama kubanwa mlangoni kunaweza kuleta kitu kama kile. Akasema jeraha la zamani linaweza kuacha uvimbe, ndiyo, wakati mwingine unakuwa mgumu hivyo hivyo. Na maabara wakikuta kovu wataandika. Nikamshukuru nikakata simu.

Basi nimegeuka. Mimi niliyetaka kipelekwe, sasa sitaki. Nikikipeleka, karatasi inaweza kuja kumhukumu mwanangu kwa herufi za chapa, nami ndiye nitakayemsomea. Nisipokipeleka, nitamwambia kwa kinywa changu kwamba si yeye, na nani atanibishia? Lakini Theresia naye amegeuka. Yeye aliyesema kitupwe, sasa anasema kipelekwe kesho. Tumebadilishana viti na ugomvi ni ule ule.

"Ukimdanganya leo atakushukuru," aliniambia. "Akikua atasoma mwenyewe, na hapo hatakuamini hata ukimwambia unampenda."

Nikamwuliza, na majibu yakisema ni mlango? Akasema tutakaa naye. Nikasema kukaa si dawa. Akasema wewe unayo ipi? Nikaenda kuchota mchele.

Dada, wewe ndiye uliyekaa na Mama baada ya majibu ya Baba, ulijua la kusema na la kumeza. Niambie. Mtoto anapouliza kama kosa ni lake, nawe hujui, unamtafutia ukweli au unamtafutia usingizi? Kichwa changu kimekuwa kama uzi uliochezewa na paka, nikivuta huku kunakaza kule. Nangojea neno lako.

Jumamosi, 7 Machi

Dada, barua hii bado iko kwangu. Mashauri aliahirisha safari, ruhusa yake kazini ilisogezwa mbele, sasa anaondoka kesho. Ningeanza upya, lakini nimeona nikuachie yale ya kwanza kama yalivyo, ujue nilikuwa katika hali gani. Swali nililokuuliza hapo juu usihangaike nalo tena, maana sikuweza kuyangoja majibu yako. Kichupa nacho hakingeningoja milele.

Theresia ndiye aliyeshinda, kwa njia yake. Hakubishana tena. Alimwita Kamila mezani, akamwambia kila kitu: kwamba tunajua habari ya mlango, kwamba daktari anasema huenda ni hivyo na huenda sivyo, kwamba kipimo kinaweza kuleta jibu baya. Kisha akamwambia aamue yeye. Nilitaka kumkatiza. Niliona tunafanya yale yale niliyomlaumu Emilia, kumtwisha mtu uamuzi na kukunja mikono. Lakini Theresia hakukunja mikono, alikuwa ameshika ya mtoto.

Kamila akasema kipelekwe, na akasema atakibeba mwenyewe.

Tukapanda treni ya chini ya ardhi, sisi watatu, kukirudisha kwa Emilia akitume maabara. Akakiweka mapajani, mikono yote miwili juu yake, asitazame dirishani wala simu. Nikamwambia akiweke mfukoni mwangu apumzike, akatikisa kichwa. Dada, sijawahi kumsimulia habari yako na kichupa cha Baba. Sijui alijifunza wapi kukaa vile. Ilibidi nigeuke nitazame upande mwingine.

Majibu yalichukua siku nyingi kuliko tulivyoambiwa. Kila simu ikilia Kamila alikuwa wa kwanza kuniangalia usoni. Mimi nilianza kuomba, nikajishangaa, maana sikujua nimwombe Mungu nini. Kitu kikishakatwa, ni kile kilichokuwa. Naomba kibadilike kikiwa maabara?

Emilia alipiga juzi alasiri. Nikamwomba azungumze sisi sote tukisikia, naye akaeleza taratibu, na Kamila alikuwa hajakaa, amesimama ameshika kiti. Akasema kinyama kile ni cha aina ile ya kawaida, na kisu kilipita mahali pasafi. Akasema kinatokana na masalia ya uti wa mgongo wa kwanza kabisa, ule unaojengwa mnyama akiwa bado tumboni mwa mama yake. Uti ukishakomaa, masalia kidogo hubaki yamejificha, hasa kwenye ncha ya mkia, na kwa baadhi yao, wakizeeka, yanaamka na kuota. Hakuna mtu aliyekiweka pale. Alizaliwa nacho.

Kamila akauliza kwa sauti ndogo, kama ni hivyo hata kama mtu alimbana mlangoni. Nadhani ndipo Emilia alipoelewa yale maswali yangu ya bafuni.

"Mlango ulimwumiza," akamjibu, "na maumivu yale yalipona. Hiki ni kitu kingine, kilikuwepo kabla yako."

Sikuwahi kumpenda Mswidi kama nilivyompenda yule daktari saa ile. Hakumwambia hakuumiza. Alimwambia kiasi cha kosa lake tu. Theresia alisema asante Yesu, mimi nikasema asante daktari. Kamila alimchukua Jambazi, akamgeuza, akautazama ule mkia uliokatika, akamrudisha chini.

Nilitegemea angefurahi, aruke, alie, chochote. Hakuna. Jana ametoka shule, amekula, milango yote ameiacha wazi kama zamani. Nilimwuliza Theresia, kumbe jibu halikusaidia? Ssemakula angesema alinionya.

Na liko jingine linalonichanganya zaidi, nakwambia wewe tu. Watu wananipongeza kwamba tulifanya vema kupima. Évode anatembea kifua mbele kana kwamba kinyama kilikuwa chake. Lakini je, tulifanya vema, au tulibahatika? Kama maabara wangeandika kovu, ningekuandikia barua gani leo? Mtu akivuka barabara amefumba macho na akafika, huwezi kumwambia ana macho mazuri. Nikilala nalifikiria, nikiamka ninalo, na sioni mwisho wake. Kama wewe unauona, nitumie.

Nisalimie shemeji Humphrey, mwambie koti alilouliza nimempatia, Mashauri anamletea. Wasalimie wajukuu, na huyo mkubwa mwambie shangazi yake mdogo Kamila amemwekea picha ya Jambazi humu ndani, aioneshe darasani, ila asiseme ni kicheche. Mama mkwe wako mpe pole ya macho. Kaburi la Baba na Mama lipalilieni kwa ajili yangu pia, nami nikija nitalipa kwa jembe.

Mungu akushikie goti, awalinde mlimani hapo, na ayape maziwa yenu baraka. Ndimi mdogo wako, nikupendaye siku zote, niliye mbali kwa miguu tu,

Ludovick

Tanbihi: Dada, nilikuwa nimeshakunja barua nikitafuta gundi ya bahasha. Kamila amepita hapa na Jambazi begani, ametusalimia kwa Kiswahili, ameingia chumbani kwake. Akamweka mnyama kitandani, nimemwona, akarudi mlangoni, akainama akatazama chini, huku na huku. Kisha akaufunga, polepole, mpaka kitasa kikalia. Theresia ameniangalia, nami nimemwangalia, na hakuna aliyekwenda kuufungua.